Kiota cha Kooshaba

Katika chumba cha kuchorea cha makumbusho kulikuwa na meza mbili zinazotazamana. Moja ilikuwa ya dada mtu, ya pili ya mdogo wake. Ubaya wa kukaa hivyo ni kwamba huwezi kununa bila mwenzako kukuona.

Dada mtu wafanyakazi walimwita Bi Rangi. Aliingia kazini pale akiwa msichana mbichi, na picha nyingi za ndege zilizotundikwa kwenye kumbi za chini zilikuwa za mkono wake. Alichora kwa kutazama ndege waliokaushwa. Ndege wa namna hiyo hujazwa pamba tumboni, miguu hufungwa kwa uzi, kisha hulazwa chali kwenye droo pamoja na wenzake kama samaki sokoni. Mahali pa macho huwa pana pamba nyeupe tu. Bi Rangi aliwapa macho kutoka kichwani mwake, akawasimamisha kwenye matawi ya kubuni, na watu wakasifu.

Mdogo wake walimwita Kitinda, jina alilotoka nalo nyumbani kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Bi Rangi ndiye aliyemfundisha kushika penseli, mezani jikoni, mama akiwa anapika na kuwaangalia kwa jicho moja. Ndiye pia aliyemwombea kazi makumbusho. Alimwombea kwa moyo mweupe kabisa. Siku hiyo hakujua kwamba mtu anaweza kufuga wivu wake mwenyewe kwa kuulisha wema.

Kitinda hakupenda droo. Alipenda kwenda porini na watafiti, akirudi na matope magotini na michoro iliyolowa. Ndege wake walikuwa wamepinda shingo, wamekunja mguu mmoja, wanajikuna. Wageni walisimama mbele ya picha zake wakitabasamu bila kujua wanatabasamu nini.

Asubuhi moja mkuu wa idara aliingia chumbani na kikombe chake mkononi.

"Kitabu cha ndege wa mlimani kimepata wa kukichapa," alisema. "Jaladani tutaweka kooshaba. Nimempa Kitinda."

Bi Rangi alikuwa anasuuza brashi. Akaendelea kuisuuza.

"Kooshaba nimeshamchora," alisema bila kuinua uso. "Yupo ukumbini."

"Yupo, na ni picha safi. Lakini, Bi Rangi, tusifichane." Mkuu alicheka kidogo ili kulainisha maneno. "Yule wako ni kama amekwisha andika wasia."

Kitinda alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichomtoroka, na papo hapo akaziba mdomo. Lakini kicheko ni kama mate, kikishatoka hakirudi. Bi Rangi akakisikia kikimshuka kooni hadi tumboni, na huko kikakaa.

Jioni, Bi Rangi akiwa bado kazini, mama akapiga simu. "Nasikia mwenzako kachaguliwa. Umempongeza?"

"Nimempongeza, mama."

"Kwa mdomo au kwa moyo?"

"Mama, na wewe!"

"Haya. Mimi nimeuliza tu."

Bi Rangi alikata simu akashuka ukumbini kuitazama picha yake. Ndege yule, kwa mujibu wa droo, alikuwa mdogo kuliko ngumi ya mtoto. Mgongo rangi ya zeituni, kifua rangi ya majivu, tumbo jeupe, na juu ya jicho mstari mwembamba mweupe kama nyusi iliyopakwa chaki. Kooni alikuwa na baka lililompa jina, ila kwenye ngozi kavu baka hilo lilikuwa limefifia likawa rangi ya chai iliyolala. Bi Rangi alikuwa amechora chai iliyolala. Miguu alikuwa ameipaka kahawia. Alitazama, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mkuu hakumwonea. Hilo lilimuuma kuliko kama angekuwa amemwonea.

Kesho yake akaomba kwenda mlimani pamoja na mdogo wake.

"Wewe?" mkuu alishangaa. "Kwenye matope?"

"Kwani mimi ni sukari, nitayeyuka?"

Kitinda alifurahi, au alionekana kufurahi. "Dada, utapenda! Nitakuonyesha kila kitu."

*Utanionyesha*, Bi Rangi alijisemea. *Mimi niliyekuonyesha ncha ya penseli iko upande gani.*

Walipanda basi hadi barabara ilipoishia, kisha wakatembea. Mashamba yakabaki nyuma, ikaja miti mirefu, na juu zaidi miti ikapungua urefu na kuongeza ndevu. Kila tawi lilikuwa limevaa ile sufi ya kijani inayoota penye unyevu, na kila sufi ilidondosha maji. Ukungu ulipita kati ya vigogo polepole kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Bi Rangi alihema, akateleza, akaapa hatapanda tena hata ngazi. Lakini hakukubali kushikwa mkono.

Kwenye kibanda cha mbao cha watafiti walikuta moto umewashwa. Aliyeuwasha alikuwa askari wa msitu, mwanamume wa makamo ambaye wenzake walimwita Ngojangoja kwa kuwa hakuwahi kuonekana akiharakisha. Hata kupiga chafya alipiga kwa mapumziko.

"Kooshaba hana maringo," aliwaambia wakiota moto. "Ndege wengine hupanda kileleni waimbe waonekane. Yeye yuko chini, usawa wa goti lako, kwenye mabonde ya vijito, chini ya makangaga, mahali penye giza hata mchana. Anafuata misafara ya siafu anaokota wadudu wanaowakimbia. Anaimba alfajiri, ukungu ukiwa bado mzito, halafu ananyamaza. Ukimtafuta kwa kutembea humpati. Ukae."

"Mwaka jana nilimwona mara moja," Kitinda alisema. "Kufumba na kufumbua, kapotea."

"Huu ni msimu wa viota," Ngojangoja akaongeza. "Mkikiona kimoja, niambieni, nami nitawaambia msimame wapi. Msikizoee tu kwa kukiendea kila siku."

Wakaitikia wote wawili.

Asubuhi iliyofuata waliachana. Kitinda alipanda kwenye mianzi. Bi Rangi, kwa kuwa goti lilimuuma, akabaki bondeni karibu na kijito. Alikaa juu ya gogo na karatasi mapajani. Baridi ikampanda. Hakuona kitu. Alikwisha anza kumtukana mkuu wa idara kimoyomoyo, kwa utaratibu, kuanzia nywele kwenda chini, pale kitu kiliporuka juu ya jiwe mbele yake.

Kwanza aliona koo. Halikuwa na undugu wowote na chai. Lilikuwa shaba iliyotoka kusuguliwa, shaba yenye moto ndani, na kwenye lile giza la kijani ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa jiko kidogo akaufunga. Ndege alitikisa mkia, akainamisha kichwa, akamtazama. Jicho lilikuwa jeusi, kubwa kuliko alivyodhani, limelowa mwanga. Na miguu! Miguu ilikuwa ya waridi, myembamba, kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Miaka yote ile alikuwa anapaka kahawia ya kifo akidhani ni rangi.

Mdomoni ndege alishika kiwavi. Akaruka hadi ukingo wa kijito, akaingia kwenye pazia la makangaga, na kutoka humo zikasikika sauti nyembamba za kudai chakula.

Bi Rangi alisogea kwa magoti. Kiota kilikuwa kwenye shimo la ukingo, kikombe kilichofumwa kwa sufi ya kijani na mizizi myembamba, na ndani yake midomo ya manjano imetanuka kuliko vichwa vyenyewe. Machozi yalimlenga. Kisha, nyuma ya machozi, likaja neno moja, nalo halikuwa zuri.

*Changu.*

Aliporudi kibandani Kitinda alikuwa anamenya viazi.

"Umeona chochote, dada?"

"Matope na siafu. Na wewe?"

Kitinda alikiangalia kiazi alichoshika. "Hata mimi."

Tangu hapo Bi Rangi akawa wa kwanza kuamka. Alisema goti linataka mazoezi. Alishuka bondeni kwa njia ileile, akakaa mahali palepale, na kwa kuwa makangaga yalimziba, aliyavunja machache. Kesho yake akavunja mengine. Tawi moja lililoweka kivuli kwenye kiota alilikunja nyuma akalifunga kwa kamba ya kiatu. Mkono wake ulikuwa haujawahi kuchora hivyo. Alimchora mama akitua, baba akitua, vifaranga wakigombania kiwavi, mama akibeba uchafu wa watoto mdomoni kwenda kuutupa mbali. Kila mstari ulipotoka vizuri, hakumfikiria ndege. Alifikiria uso wa mdogo wake atakapoona.

Jioni Kitinda alileta michoro ya mianzi, ya makangaga, ya mawe. Kooshaba hakuwemo.

"Pole, mdogo wangu," Bi Rangi alisema, na sauti yake ikawa na sukari nyingi mpaka mwenyewe ikamkera. "Labda wamehama."

"Labda."

"Usikate tamaa. Jalada si lazima liwe na ndege. Hata mianzi inapendeza."

Kitinda alimtazama kwa muda, akaenda kulala bila kumaliza chakula.

Asubuhi moja yenye ukungu mzito Bi Rangi alishuka akasikia sauti ya ndege kabla hajafika. Haukuwa wimbo. Ilikuwa *tik, tik, tik*, kavu na ya haraka, kama mtu anayegonga mlango uliokwisha vunjwa. Akakimbia, goti na yote.

Kiota kilikuwa kimeng'olewa. Nusu yake ilining'inia kwenye mzizi, nusu ilikuwa kwenye maji. Manyoya machache laini yalishika kwenye tope. Na kwenye tope hilohilo, juu ya alama za viatu vyake, zilipita alama ndogo za nyayo zenye kucha. Hazikutoka kulia wala kushoto. Zilifuata njia aliyoifungua yeye, moja kwa moja, kama mgeni aliyeelekezwa. Makangaga yaliyokuwa mlango wa nyumba ile yalikuwa yamelala pembeni, yamenyauka, alipoyavunja. Tawi bado limefungwa kwa kamba ya kiatu.

Ndege wawili waliruka kutoka jiwe hadi jiwe. Jike alikuwa na kiwavi mdomoni. Alikipeleka ukingoni, akakuta hakuna pa kukiweka, akarudi nacho.

Bi Rangi alikaa chini kwenye maji.

"Nguchiro," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Kitinda, anahema, nywele zimejaa matone. "Nimewasikia tangu juu kule. Nikajua." Akatazama kiota. "Nikajua tu."

Bi Rangi alichukua muda kuelewa. "Umejuaje kama kipo hapa?"

Kitinda aliinama akaokota kipande cha kiota majini.

"Nimekuuliza. Umejuaje?"

"Nilikiona siku ile tuliyofika, nilipokuja kuteka maji. Nilimwona dume anaingia na chakula. Nikamtazama kwa darubini kutoka ng'ambo, nikaondoka. Ukikizoea kiota unakiachia harufu na njia, dada. Wanyama si wajinga."

"Na hukuniambia!"

"Na wewe uliniambia?"

Kijito kiliendelea na safari yake. Bi Rangi aliinuka, sketi inavuja maji, na hasira ikampa nguvu ambayo aibu ilikuwa imemnyang'anya. "Uliniona nakuja huku kila asubuhi. Ulikuwa unajua nitakiharibu, ukanyamaza?"

"Sikujua utavunja makangaga! Nilidhani unakaa mbali." Kitinda alijipangusa uso kwa mkono. "Na ningekuzuia, ningelazimika kusema nimekiona. Nami sikutaka ukijue. Nilikuwa namwomba Mungu usikione."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungemchora!" Ilitoka kama kelele, na wale ndege wawili wakatoweka kwenye ukungu. "Mimi jalada nimepewa kwa nini? Kwa sababu mimi nimemwona ndege akiwa hai, wewe hujamwona. Basi. Siku ukimwona, nabaki na nini? Tangu utoto, kila nikichora kitu mama ananiambia, 'Hii inakaribia ya dada yako.' Inakaribia! Maisha yangu yote mimi nakaribia."

Bi Rangi alikuwa amezoea kuuona wivu kama mzigo wake peke yake, kitu cha aibu alichokificha chini ya kitanda. Kumbe katika nyumba ileile, chini ya kitanda cha pili, kulikuwa na mzigo kama wake.

"Unanionea wivu mimi," alisema taratibu. "Mimi ninayechora maiti."

"Unaijua mistari, dada. Mimi nabahatisha."

Walikaa juu ya gogo bila kugusana. Kitinda ndiye aliyeifungua kamba ya kiatu, na tawi likarudi mahali pake, likitikisa maji juu yao wote.

Ngojangoja walimweleza wenyewe, kila mmoja sehemu yake, maana hakukuwa na namna ya kuieleza nusu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikwenda bondeni akaangalia, akarudi.

"Sitawaambia pole," alisema. "Mwiba wa kujichoma hauna pole. Mvua ikiendelea, huenda wakajenga tena. Si pale. Fungeni mizigo, mwache bonde lipumue."

Hakupandisha sauti. Bi Rangi angependa sana apandishe.

Mjini, mkuu wa idara alitandaza michoro ya Bi Rangi juu ya meza akaacha kunywa chai yake. Alizigeuza karatasi moja moja, akarudia kutoka mwanzo. Alimwita mhariri wa kitabu, mhariri akamwita mwenzake.

"Bi Rangi," mkuu alisema hatimaye, "mimi nilikukosea. Hili ndilo jalada. Hili hapa, jike na kiwavi. Kitinda, utanisamehe, lakini macho yako yanaona."

Hiki ndicho alichokuwa akikitaka Bi Rangi. Alikuwa amekifanyia mazoezi kichwani, mpaka namna atakavyoshusha macho kwa unyenyekevu. Alimwangalia Kitinda. Uso wa mdogo wake ulikuwa vilevile alivyoutamani kule kwenye gogo: umesawijika, umefungwa, umeshindwa. Bi Rangi akaungoja utamu. Kidogo ulikuja, hawezi kusema uongo. Ulikuja ukiwa na ladha ya tope.

"Ndege hawa wamekufa," alisema. "Watoto. Mimi ndiye niliyewafungulia nguchiro njia ili nichore hizi." Akaeleza makangaga, akaeleza kamba. Hakumtaja Kitinda.

"Lakini picha zipo," mkuu alisema. "Kuzificha hakutawafufua."

"Sikusema zifichwe. Nasema jalada sitalitazama. Nikilitazama nitaona matope." Akageukia mdogo wake. "Lichore wewe. Rangi nitakwambia, nilikuwa karibu. Karibu kuliko ilivyotakiwa."

"Hata mimi nilijua," Kitinda alisema ghafla. "Nilijua kiko wapi nikakaa kimya. Kama ni kulaumiwa, tulaumiwe wote."

Mkuu aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakati wa ugomvi. "Nendeni mkachore," alisema.

Wakachora, na haikuwa amani hata kidogo. Bi Rangi alisimama nyuma ya kiti cha mdogo wake.

"Miguu si kahawia. Waridi."

"Nimeona."

"Umeona au umesikia? Koo hilo limepoa. Ongeza moto."

"Dada, nikiongeza litakuwa nyanya!"

"Basi ongeza nusu ya unavyoogopa."

Kitinda aliongeza, akanung'unika, akasogea nyuma kutazama. Kwenye karatasi, chini ya makangaga yanayodondosha maji, ndege mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, na koo lake liliwaka katika giza. Yule wa Bi Rangi, aliyekuwa na kiwavi, walimweka kurasa za ndani, pamoja na kiota. Chini yake Bi Rangi aliandika maneno yake mwenyewe akiwaomba wasomaji wakiona kiota wakipe mgongo, na mhariri alipotaka kuyafupisha alikataa katakata.

Kitabu kilipotoka watu walijaa ukumbini. Wengi walisifu jalada, na kila sifa ilimchoma Bi Rangi mahali palepale pa zamani, ingawa sasa alipajua na aliweza kuweka mkono juu yake. Wengine walifungua ndani wakaganda kwenye ukurasa wa kiota. Kitinda alisimama karibu nao, akitabasamu kwa meno tu. Macho ya ndugu wawili yalikutana juu ya vichwa vya watu, na kila mmoja alijua mwenzake anahisi nini. Bi Rangi akapandisha nyusi. Kitinda akaangua kicheko.

Mvua za msimu uliofuata zilikuwa hazijakatika Ngojangoja alipopiga simu. Kitinda aliweka sauti juu ili wasikie wote wawili.

"Wamejenga tena," Ngojangoja alisema, polepole kama kawaida yake. "Wawili walewale, nadhani. Mayai yapo."

"Wapi?" wakauliza kwa pamoja.

"Sisemi."

"Ndugu yangu, hatutakuja!" Bi Rangi alisema. "Tuambie tu ni upande gani. Mianzini? Kijitoni?"

"Sisemi. Mimi napita kwa mbali kila asubuhi, namwona jike amelalia, koo limetokeza nje kidogo tu. Leo jua lilimpiga. Basi mngeona..." Akasikika akivuta pumzi. "Haya, nawatakia kazi njema."

Simu ikakatika. Kitinda aliitazama kama iliyomtukana.

"Kila asubuhi," alisema.

"Na jua limempiga," Bi Rangi akaitikia, akiuma meno.

Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwao, walimwonea wivu mtu mmoja.